Kipimo kilisoma oksijeni ipo, alfajiri samaki wakafa: tatizo liko wapi?

SWALI: "Habari za kazi, mtaalamu. Nina vizimba 6 vya sato huku Ghuba ya Mwanza. Mwaka huu nilinunua kipimo cha oksijeni cha mtumba, kile cha sensa ya mwanga, kwa sababu niliambiwa hakina usumbufu kama cha zamani. Nilipokiwasha hewani mara ya kwanza kilisoma asilimia 87. Aliyeniuzia akasema hewani lazima kisome 100, nikabonyeza mpaka kikasoma 100. Jirani yangu anatumia kile cha zamani chenye utando. Tukivitumbukiza pamoja, changu kinasoma miligramu 6.0 kwa lita na chake 5.2. Wiki mbili zilizopita nilipima saa nane mchana, kikasoma 7.4, nikalala bila wasiwasi. Alfajiri mlinzi akaniita, samaki wako juu wanahema. Kufika saa mbili asubuhi tulishaokota zaidi ya 300, na waliokufa ni wakubwa, wadogo wengi walipona. Je, kipimo changu ni kibovu? Ninunue kofia mpya ya ncha ya sensa, ambayo bei yake ni kubwa sana, au nirudi kwenye cha utando? Au tatizo si oksijeni kabisa?"

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Samaki 300 waliokaribia kuvunwa ni chakula cha miezi kilichozama, na ni usiku mwingi wa walinzi uliokwisha kulipwa. Nakushukuru kwa kuandika namba zote, maana wengi huniandikia "kipimo kinadanganya" basi. Namba zako zimeniwezesha kuona mengi nikiwa mbali na kizimba chako.

Kwa maoni yangu sensa yako ni nzima. Ilikuambia kweli siku ya kwanza iliposoma 87, na kweli hiyo ndiyo iliyofutwa ulipobonyeza. Tangu siku hiyo inakuhesabia oksijeni ambayo majini haimo. Lakini nisikufiche: hata kama kipimo kingekuwa sawa kabisa, kipimo cha saa nane mchana kisingekuokoa. Hapa pana makosa mawili yasiyohusiana, ila yamekukuta usiku mmoja.

Tuanze na hiyo 87. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Ufukweni Dar es Salaam mgandamizo wa hewa ni kama hektopaskali 1,013. Huko kwako ni kama 884. Chukua simu, gawa 884 kwa 1,013, utaona 0.87. Kipimo chako kilikuwa kinasema, "Hapa hewa inasukuma kwa asilimia 87 ya inavyosukuma pwani," na kilikuwa sahihi kabisa. Watu wengi hudhani hewa ya nyanda za juu ina sehemu ndogo ya oksijeni. Sehemu ni ile ile, karibu asilimia 21 Mwanza, Tanga na hata Mbeya. Kinachopungua ni uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, na pamoja nao unapungua msukumo wa oksijeni kuingia majini.

Neno hilo, msukumo, ulishike vizuri. Sensa haihesabu oksijeni iliyomo kwenye lita ya maji. Inahisi msukumo wake tu, kisha kompyuta ndogo ndani ya kipimo inachukua msukumo huo na joto la maji, inafanya hesabu, ndipo inakuandikia miligramu kwa lita. Ukikiambia kipimo jambo lisilo kweli kuhusu msukumo, hesabu yote inayofuata inapotoka, nacho hakiwezi kujua.

Ngoja nikueleze kinachotokea kwenye ile ncha, kwa sababu ukikielewa hutadanganywa tena na muuzaji yeyote. Usiku kwenye boti, zima tochi, washa kipimo, tazama ncha ya sensa. Utaona mwanga wa buluu unapepesa. Mwanga huo unapiga upande wa ndani wa ile kofia, mahali palipopakwa rangi maalumu, mara nyingi yenye platini au rutheniamu ndani yake. Rangi ikipigwa na buluu hushiba nguvu, kisha huiachia nguvu hiyo kama mwanga mwekundu hafifu sana. Hauzimiki papo hapo. Hubaki ukiwaka kwa muda mfupi mno, sehemu za milioni moja za sekunde, halafu unafifia.

Oksijeni ndiyo inayoingilia hapo. Chembe ya oksijeni ikipenya kwenye rangi na kuigusa iliyoshiba nguvu, inainyang'anya nguvu ile kabla haijatoka kama mwanga. Tumezoea kwamba oksijeni huwasha moto, lakini hapa kazi yake ni kuzima. Oksijeni ikiwa nyingi, wekundu unakufa haraka. Ikiwa chache, wekundu unadumu. Kipimo hakitazami mwanga una ukali gani, kinapima umechelewa kiasi gani nyuma ya ile buluu. Uhusiano kati ya uzimwaji huo na wingi wa kinachozima uliwekwa kwenye fomula na Otto Stern na Max Volmer mwaka 1919, na miaka ya 1930 Hans Kautsky huko Ujerumani akaonyesha jinsi oksijeni kidogo sana inavyoweza kuzima mng'ao wa rangi za namna hii.

Nimelisema hili kwa urefu kwa sababu lina faida mbili kwako. Kwanza, kwa kuwa kinachopimwa ni muda wa mng'ao na si ukali wake, rangi ikichakaa kidogo au kofia ikipata utelezi mwembamba, kipimo hakipotoki haraka kama watu wanavyodhani. Pili, oksijeni ikiwa chache mng'ao hudumu zaidi, na tofauti ndogo ya oksijeni huonekana vizuri zaidi. Yaani sensa hii ina macho makali pale pale samaki wako wanapokaribia hatari. Hiyo ndiyo sababu mimi singekushauri uiache.

Sasa turudi kwenye kile kitufe. Ulipokilazimisha kisome 100 huku ndani yake kumewekwa mgandamizo wa pwani, ulikiambia kwamba hewa ya Mwanza inasukuma sawa na hewa ya Dar. Tangu hapo kila namba inaongezwa kwa 100 kugawa kwa 87, yaani mara 1.15. Chukua 6.0 yako uigawe kwa 1.15. Unapata 5.2. Ndiyo namba ya jirani yako. Nilipofika kwenye mstari huo wa swali lako niliweka kalamu chini.

Kuna jambo la kuangalia hapa, maana vipimo havifanani. Vingine vina barometa ndani na huonyesha asilimia ya hapo ulipo, na kwa hivyo hewani lazima visome 100 popote duniani. Vingine huonyesha asilimia ya usawa wa bahari, na hivyo ndivyo husoma 87 Mwanza. Vyote viwili ni sahihi, ila vinazungumza lugha mbili. Kwa hiyo usiamini asilimia. Tumia miligramu kwa lita, ambazo hazina lugha mbili, na ufanye jaribio la ndoo.

Chukua ndoo mbili safi na maji ya ziwa nusu ndoo. Kaa kivulini. Mimina kutoka ndoo moja kwenda nyingine ukiwa umeinua juu, kama muuza chai anavyopoza chai ya maziwa, mara 30 au 40. Maji hayo sasa yamebeba oksijeni karibu yote yanayoweza kubeba kwa mwinuko huo. Acha mapovu yatoke kwa dakika moja, tumbukiza sensa, itikise taratibu, subiri mpaka joto na oksijeni vitulie, dakika mbili au tatu. Kwa usawa wa Ziwa Victoria, maji ya nyuzi 24 yanapaswa kusoma kama 7.3, ya nyuzi 26 kama 7.0, na ya nyuzi 28 kama 6.8. Ukiona 7.0 kwenye nyuzi 26, kipimo kiko sawa hata kama asilimia yake inakushangaza. Ukiona 8.1 kwenye nyuzi hizo hizo, hiyo ni namba ya pwani. Nina hakika ndiyo utakayoiona.

Kukirekebisha hakugharimu kitu. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya mgandamizo wa hewa, andika 884, au 663 ikiwa kinataka milimita za zebaki. Kama kinataka mwinuko, andika 1,134. Hakikisha chumvi ni 0, maana ziwa letu ni maji baridi. Kisha weka sensa ndani ya kikombe chake chenye sponji iliyoloana, usikifunge kabisa, hakikisha hakuna tone juu ya kofia, kiweke kivulini dakika 15, ndipo ubonyeze kukisawazisha. Wenzetu wa viwango huita kazi hiyo ugezi. Rudia jaribio la ndoo baada ya hapo.

Mtego mmoja umewaangusha hata wasomi. Usichukue mgandamizo kutoka kwenye programu ya hali ya hewa ya simu yako. Itakuandikia 1,015 au karibu na hapo ukiwa umeketi Mwanza, kwa sababu wataalamu wa hali ya hewa huushusha mgandamizo hadi usawa wa bahari ili ramani zao zilinganishike. Ni sawa kwa kazi yao. Kwako ni kosa lile lile la mwanzo, limerudi kwa mlango mwingine. Mwaka mmoja nilikuwa kwenye kikosi cha upimaji, tukaandika namba ya namna hiyo asubuhi ya kwanza, tukapima siku 3 tukifurahia ziwa lenye afya. Tulilazimika kuzigawa upya namba zote kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Nawe unaweza kuokoa daftari lako vivyo hivyo: kila namba uliyoandika baada ya siku ile ya kubonyeza, igawe kwa 1.15.

Aliyekuambia sensa ya mwanga haihitaji kusawazishwa alisema nusu ya kweli. Haihami haraka. Ile ya utando unaiangalia kila siku ya kazi, hii inaweza kukaa wiki nyingi. Lakini kuiangalia ni lazima, na jaribio la ndoo mara moja kwa wiki linachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Je, jirani yako ndiye aliye sahihi? Safari hii naamini ndiyo, kwa sababu hesabu zimekutana. Usilifanye kanuni. Kipimo cha utando, ambacho Leland Clark wa Marekani alikitangaza mwaka 1956, kinafanya kazi kwa kula oksijeni. Kila sekunde kinaimaliza ile iliyo mbele ya utando, na kama maji hayasogei kinasoma pungufu hata kama oksijeni ipo. Mtazame jirani anapopima. Kama anautikisa mkono wake juu na chini bila kuacha, anajua kazi yake. Akikining'iniza tu kwenye maji yaliyotulia, namba yake itashuka yenyewe mbele ya macho yenu. Utando ukiwa na kiputo cha hewa chini yake, au majimaji yake yakikauka, nao unapotea vilevile. Sensa ya mwanga haili oksijeni, haihitaji kutikiswa ili iwe sahihi, ingawa kuitikisa kunaifanya itulie mapema. Usiuze chako ununue utando. Jirani anatoa huduma nzuri kwa utando wake, lakini huduma hiyo ni ya kila siku.

Mkitaka hakimu wa tatu, yupo, na ana umri mkubwa kuliko vyote viwili. Mwaka 1888 Lajos Winkler wa Hungaria alivumbua njia ya kupima oksijeni kwa kemikali, na mpaka leo maabara huitumia kuhukumu vipimo vya umeme. Unajaza chupa ya kioo bila kuacha kiputo hata kimoja, unatia kemikali ya manganizi na nyingine yenye iodidi na magadi makali, unafunika na kuipindua. Ninaipenda njia hii kwa jambo unaloliona kwa macho: maji yakiwa na oksijeni, ndani ya chupa panatokea machicha ya kahawia, kama tope la mto uliofurika. Yasipokuwa nayo, machicha yanabaki meupe. Nimewahi kuona vijana wakinyamaza kimya boti nzima baada ya chupa ya maji kutoka chini kutoa weupe mtupu. Kemikali zile zinaunguza, kwa hiyo usijaribu jikoni. Huko Mwanza mna watu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, na kuna kampasi ya FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, pale Nyegezi inayofundisha uvuvi na ufugaji wa samaki. Peleka kipimo, omba kilinganishwe.

Sasa kofia. Usiinunue bado. Kofia huchakaa, hilo ni kweli, na wengi hubadilisha baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwa kuwa chako ni cha mtumba, umri wa kofia huujui. Iangalie kwenye mwanga: ikiwa imechubuka mpaka rangi inaonekana imebanduka, au imefanya mabaka, imekwisha. Ikiwa haina jeraha, ijaribu kwenye sifuri. Pata salfaiti ya sodiamu kwa wauza kemikali za maabara, yeyusha gramu 2 hivi kwenye mililita 100 za maji, funika, acha dakika 15, tumbukiza sensa. Salfaiti humeza oksijeni yote. Kipimo kikishuka chini ya 0.2 ndani ya dakika chache, kofia ina uhai. Kikigoma kwenye 0.5 na zaidi, au kikacheza juu na chini bila kutulia, hapo ndipo ununue. Ioshe vizuri baadaye. Na kofia mpya nyingi huja na namba zake za kuandika kwenye kipimo. Ukiacha za zamani, utarudi kwangu na swali lile lile.

Kofia hiyo usiisugue kwa stilwaya wala brashi ngumu. Usiipanguse kwa spiriti, petroli wala asetoni, vinayeyusha plastiki iliyoshika rangi. Maji, sabuni laini kidogo, kitambaa cha pamba, basi. Usiianike juani kwenye ukingo wa boti, kwani jua ndilo linaloila rangi kuliko kitu chochote. Ihifadhi ndani ya kikombe chenye unyevu. Ikikauka, iloweke siku nzima kabla ya kuiamini. Na kama unaiacha ndani ya kizimba muda mrefu, itaota mwani. Mwani juu ya kofia hutoa oksijeni yake mchana na kuivuta usiku, ukadhani unasoma ziwa kumbe unasoma bustani ndogo iliyoota kwenye sensa.

Nimekaa sana kwenye kipimo. Sasa twende kwenye usiku wenyewe, maana hapo ndipo samaki walipofia.

Chukua 7.4 yako ya saa nane mchana. Igawe kwa 1.15, unapata 6.4. Maji ya nyuzi 26 huko kwako yanabeba 7.0 yakiwa yameshiba. Kwa hiyo saa nane mchana, wakati mwani unafanya kazi kwa nguvu zote na maji ya juu mara nyingi hupita kiwango cha kushiba, yako yalikuwa hata hayajashiba. Nashuku siku ile ilikuwa ya mawingu, au upepo ulikuwa umeshaanza kuleta maji ya chini. Namba sahihi ingekuambia kitu, kama ungejua cha kuiuliza. Namba iliyoongezwa ilikufichia hata hicho.

Jua likizama mwani unaacha kutoa oksijeni na unaanza kuivuta. Samaki nao wanavuta, na hasa wale waliolishwa jioni, kwa sababu kusaga chakula kunahitaji oksijeni. Kinyesi na mabaki chini ya kizimba yanavuta. Tuseme vyote kwa pamoja vinavuta miligramu 0.4 kwa kila lita kwa saa. Kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa 11. Hiyo ni 4.4. Toa kwenye 6.4, unabaki na 2.0. Sato ni mvumilivu kuliko samaki wengi, lakini wataalamu tunataka asishuke chini ya 5 kwa muda mrefu. Chini ya 3 anapoteza hamu ya kula, na akikaribia 1 anaanza kufa. Waliotangulia kwako ni wakubwa, na hiyo ni dalili ya oksijeni: mwili mkubwa unahitaji nyingi, mdogo anajiokoa kwenye maji ya juu kabisa yanayogusana na hewa. Dalili zote ulizozitaja zinakubaliana. Ndiyo maana nasema, kwa kadiri inavyoonekana, ni oksijeni kweli.

Ziwa lina jambo jingine ambalo bwawa halina. Maji ya chini, hasa miezi ya joto, hutengana na ya juu na kuishiwa oksijeni. Ukivuma upepo wa kutosha, maji hayo hupanda. Mwaka 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi sana kwa namna hiyo, na wataalamu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, wakaeleza kwamba oksijeni ilishuka. Mabadiliko ya aina hii hayangoji mchana ukapime.

Kwa hiyo badilisha saa ya kupima. Kipimo muhimu kuliko vyote ni cha saa kumi na moja alfajiri, kabla mwanga haujapambazuka vizuri. Pima ndani ya kizimba, si pembeni, na upime mara tatu: nusu mita kutoka juu, katikati, na karibu na kitako cha wavu. Kisha pima mara moja nje, upande maji yanakotokea. Nje kukiwa na 5 na ndani 3, tatizo ni kizimba chako: samaki wengi mno, au wavu umeziba kwa mwani na maji hayapiti. Nje na ndani kukiwa sawa na chini, tatizo ni ziwa, na kusafisha wavu hakutoshi. Tofauti hiyo moja itakuokolea pesa nyingi kuliko kofia mpya.

Siku unayoitilia shaka, pima saa mbili usiku na saa tano usiku. Tazama imeshuka kiasi gani kwa saa hizo 3, kisha endeleza mteremko huo hadi alfajiri kwa penseli kwenye daftari. Wafugaji wa mabwawa wanautegemea sana mstari huu. Ziwani mkondo unaweza kuuvuruga, kwa hiyo uchukue kama onyo, usiuchukue kama ahadi. Ukionyesha chini ya 3, andaa mapema. Usilishe jioni hiyo. Kama una pampu ya hewa au ya kurushia maji, iwashe kabla samaki hawajapanda juu. Ukingoja wapande, tayari wamechoka. Usiwashike wala kuwahamisha usiku huo, usumbufu unawaongezea haja ya hewa. Watu wengine huzungusha boti yenye injini kuzunguka vizimba. Inaweza kusaidia kidogo palipo na kina, lakini pakiwa pafupi injini huchokonoa tope na kuleta balaa kubwa zaidi. Kwa muda mrefu, dawa ni kupunguza idadi ya samaki kwa kizimba, kusafisha nyavu kwa ratiba, na kama kibali chako kinaruhusu, kusogea kwenye kina kirefu chenye mkondo.

Kuna mazingira ambayo majibu ya kuandikiana hayatoshi. Kama umerekebisha kipimo, umepima alfajiri, oksijeni iko juu ya 4 na bado samaki wanakufa, acha kuhangaika na sensa. Kama wanakufa kidogo kidogo kila siku badala ya usiku mmoja, kama wana vidonda, macho yaliyotoka au wanaogelea kwa kuzunguka, huo si ukosefu wa hewa. Mwite afisa uvuvi wa wilaya siku hiyo hiyo. Mwekee samaki 5 au 6 walio taabani lakini hai, na wachache waliokufa muda si mrefu, kwenye barafu, wasigande. Aliyeoza hamwambii mtaalamu chochote. Waliokufa usiwauze wala usiwatupe ziwani, wafukie mbali na maji. Na waarifu majirani wa vizimba mapema, hata kama unaona aibu. Maji yanayopita kwako ndiyo yanayofika kwao.

Kesho ukiweza fanya jaribio la ndoo, na keshokutwa uamke saa kumi na moja. Nitumie namba hizo mbili pamoja na joto la maji, na unieleze kina cha maji chini ya kitako cha wavu. Hiyo hukuiandika, na ndiyo ninayoihitaji zaidi kabla sijakushauri juu ya kuhamisha vizimba.